Nailoni yenye nyuzi za kioo na unyevu wa Kigoma

Kazi ya plastiki niliianzia kiwandani Dar es Salaam, mtu wa zamu kwenye mashine za injekisheni, zile zinazoyeyusha punje za plastiki na kuzisukuma kwa nguvu ndani ya moldi, kalibu ya chuma inayokipa kipande umbo lake. Kule draya, mashine za kukausha punje, zilikuwa na watu wake. Punje zilinifikia zikiwa za moto na kavu, kazi yangu ikawa presha, joto na muda wa kupoza. Niliporudi nyumbani Kigoma tukaanza na mashine moja ndogo ya mtumba kwenye karakana mtaani Mwanga, na kila kitu kikawa mikononi mwetu, kuanzia gunia linaposhuka kwenye gari mpaka kipande kinapofungwa kwenye boti. Hapo ndipo nilipoielewa nailoni. Nailoni inakunywa maji, na asiyejua inakunywa lini na kiasi gani atatengeneza vitu vizuri kwa macho ambavyo havimalizi msimu ziwani.

Kazi iliyotufundisha zaidi ni breketi za taa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, taa zikining'inizwa pembeni mwa boti ili dagaa wapande juu. Karabai zimewapisha taa za LED za betri, na taa hizo zinahitaji mkono wa kuzishika: mkono usioota kutu, unaovumilia jua la mchana, mawimbi ya usiku na mtu anayeushikilia akipanda botini. Chuma kinaoza. Alumini ya kuyeyusha mtaani inakatika. Plastiki tupu inapinda. Tukachagua nailoni 6 (hiyo 6 ni jina la aina yake) yenye nyuzi za kioo asilimia 30 kwa uzito, rangi nyeusi. Weusi ule si wa urembo, ni masizi maalumu yanayozuia jua lisiile plastiki, na kwa sisi tulio karibu na ikweta sikubali rangi nyingine kwa kitu kinachokaa nje.

Wavuvi hawakuwa wageni wa nailoni. Nyavu zao ni nailoni. Ilizaliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont ya Marekani, mikononi mwa Wallace Carothers, na hiyo nailoni 6 tunayoitumia sisi ilifuata Ujerumani mwaka 1938 kwa kazi ya Paul Schlack. Kioo nacho wanakijua kwenye boti za faiba. Tofauti ni kwamba kwenye boti kioo ni kitambaa kirefu kinachopakwa kemikali kwa brashi, ilhali kwenye punje zetu nyuzi zimeshakatwakatwa na kuchanganywa ndani. Kila uzi una unene wa maikroni 10 hivi, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, na urefu wake kwenye kipande kilichokamilika mara nyingi haufiki hata nusu milimita. Umepakwa dawa ya silani ili nailoni iushike. Ukiziona nyuzi hizo kwenye lenzi ya kukuzia huwezi kuamini zinabeba mzigo, lakini zinaubeba: nailoni 6 tupu ikiwa kavu hukatika kwenye mvuto wa megapaskali 80 hivi (kipimo cha nguvu kwa eneo), na ikiwekewa asilimia 30 ya kioo inafika 180 hivi.

Hizo ni namba za nailoni kavu, na kwetu ukavu ni kitu cha kutafuta kwa jasho.

Punje zetu hutoka Dar es Salaam katika magunia ya kilo 25 yenye utando wa alumini ndani. Gunia likiwa zima, unyevu wake huwa umedhibitiwa tangu kiwandani. Lakini safari ya kuja Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, kuna kupakia, kushusha, msumari wa bodi la lori, mvua ya njiani, na kuna muuzaji anayefungua gunia ili akupimie kilo tano. Tundu dogo linatosha. Kila gunia linapofika mimi nalipapasa pembe zote nne na mishono kabla sijasaini, na lililotoboka naliandika tarehe na kuliweka kando. Silirudishi wala sigombani na mtu, ila najua lina safari ndefu ndani ya draya.

Nailoni yenye nyuzi haitakiwi kuingia kwenye mashine ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 0.2. Kwa gunia zima, saa nne kwa digrii 80 kwa kawaida zinatosha. Kwa gunia lililokaa wazi wiki nzima ya masika, saa nne ni kama hujafanya kitu. Hapo hesabu ni ya usiku kucha. Na joto si la kuongezwa ili kuharakisha: ukipandisha sana kwenye hewa ya kawaida, nailoni isiyo na rangi inageuka njano kwa sababu oksijeni imeanza kuishambulia. Kwenye nyeusi hutaiona hiyo njano, na ubaya upo pale pale.

Kuna fundi jirani aliyeniuliza kwa nini tusitumie oveni yenye feni, bei yake ni ndogo na tunayo tayari. Nikamwambia, kaka, oveni inapasha hewa joto, haiiondolei maji. Hewa ya Kigoma mwezi wa pili ukiichukua nje ukaipasha mpaka digrii 80, maji yake bado yamo ndani yake, na punje zinakauka mpaka mahali fulani kisha zinagoma. Draya tunayoitumia inapitisha hewa kwanza kwenye vidonge vya kunyonya unyevu, ndipo inaipasha na kuipuliza kwenye punje; vidonge navyo hupashwa joto kali vyenyewe ili viyatoe maji viliyokusanya. Kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, oveni inaweza kukuponya. Masika haikuponyi.

Kujua kama punje zimekauka si lazima uwe na maabara. Tuna mzani mdogo wa sonara unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Napima gramu 100 za punje, naziweka kwenye draya ndani ya kikopo chao, natoa kila baada ya muda na kupima tena mpaka uzito usimame. Zikianza 100 zikasimama kwenye 98.6, zilikuwa na asilimia 1.4 ya maji, mara saba ya kinachoruhusiwa. Kijana anayejifunza kwetu alipoona namba ile kwa mara ya kwanza alisema, "Lakini mzee, zilikuwa kavu mkononi." Mkono hauwezi kuhisi maji ya nailoni, yamejificha katikati ya minyororo yenyewe ya molekuli za plastiki.

Mashine nayo inasema. Kabla ya kuanza kazi tunasukuma plastiki nje, hewani, bila moldi. Nailoni 6 inayeyuka digrii 220 na sisi tunaiendesha kati ya 250 na 270. Ikiwa kavu inatoka kimya, uzi mweusi unaong'aa, unene ule ule, unajikunja taratibu juu ya karatasi ya chuma. Ikiwa na maji inatema. Inachemka kwenye nozeli, mdomo wa mashine, inatoka na mapovu, imetuna, ina sauti ya kitu kinachokaangwa. Ukiikata ile iliyopoa kwa koleo unaona matundu ndani. Ukiilazimisha kwenye moldi, kipande kinatoka na michirizi ya fedha juu yake kuanzia pale plastiki ilipoingilia. Wengi wanaichukulia michirizi hiyo kuwa kasoro ya sura tu, wanapiga msasa wanauza. Tatizo lenyewe liko ndani: kwenye joto lile maji yanaikata minyororo ya nailoni vipande vifupi, na kipande kinabaki na kioo chake kamili lakini kilichokishika kimedhoofika. Unaweza ukakikausha hicho kipande mwaka mzima, minyororo haitajiunga tena.

Nimesema maji kabla ya mashine. Kuna jambo la pili lililonichukua muda mrefu zaidi, nalo ni jinsi nyuzi zinavyolala.

Mzee mmoja nahodha wa Kibirizi alikuja na breketi iliyovunjika, si ya kwetu, ilitengenezwa kwingine. Baada ya shikamoo na marahaba akaiweka mezani akasema, "Mwanangu, hii niliambiwa ina kioo ndani, haivunjiki. Sasa hii ni nini?" Ilikuwa breketi nzuri, haina mchirizi, nzito mkononi, uso laini. Ilikuwa imepasuka kwenye tundu la bolti, mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni, kama iliyokatwa kwa wembe. Niliichukua lenzi. Kwenye mpasuko wa kawaida wa nailoni ya kioo unaona uso mkavu wenye miba, ncha za nyuzi zimechomoza kila mahali. Huu ulikuwa karibu laini. Nyuzi zilikuwa zimelala ubavu, sambamba na mpasuko wenyewe, na hakuna iliyovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Nikamwonyesha alama ya pale plastiki ilipoingilia, kwenye ncha ya taa. Plastiki ilitiririka kwenye mkono mzima, ikafika kwenye pini ya chuma inayotengeneza tundu, ikagawanyika kushoto na kulia, ikakutana tena nyuma ya pini. Pale mito miwili inapokutana panabaki mshono. Nailoni inaungana kiasi, lakini nyuzi haziruki kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Zinageuka na kulala kwenye mstari wa makutano. Nguvu ya pale inaweza kuwa nusu ya nguvu ya sehemu nyingine, au chini ya hapo. Na breketi ile mshono wake uliangukia mahali ambapo bolti inavuta kila boti inapopigwa na wimbi. Mzee alishika lenzi, akatazama muda mrefu, akasema kwa utulivu, "Kumbe haikuvunjika, iliachiana." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, na tangu siku ile nawaambia vijana wetu hivyo hivyo.

Breketi zetu tuliamua kuzitoa kwenye moldi zikiwa hazina tundu, na kulitoboa baadaye kwa mashine ya kutobolea iliyo na kishikizi cha kupima. Mwenzangu alipinga, na hoja yake ilikuwa ya maana: kutoboa kunakata nyuzi. Ni kweli. Lakini nyuzi zilizobaki kuzunguka tundu zimepita kwa mwelekeo wa mkono, hakuna mshono. Tulizifunga za aina zote mbili kwenye mti, tukazitundikia ndoo za mchanga tukiongeza moja baada ya nyingine. Zenye tundu la moldi zilipasuka kwenye mshono. Zilizotobolewa zilibeba zaidi, na zilipokatika zilikatikia kwenye shina la mkono, mahali tulipopatarajia kwa sababu ndipo mzigo ulipo mkubwa. Kutoboa kunaongeza kazi na gharama kidogo. Naona inastahili, maana taa ikianguka ziwani usiku haiokotwi.

Kulala kwa nyuzi kunapinda vitu pia. Nailoni tupu inaposinyaa kwenye kupoa, husinyaa karibu sawa pande zote. Yenye kioo husinyaa kidogo sana kwenye mwelekeo wa nyuzi, asilimia 0.3 hivi, na mara mbili au tatu ya hapo kwa kukatisha. Kipande bapa kinatoka kama jani la muhogo lililoanza kunyauka. Huwezi kuliondoa hilo kwa presha peke yake; linaondolewa kwa kuchagua mahali plastiki inapoingilia, kuweka unene sawa, na kupasha moldi. Moldi yetu tunaipasha mpaka digrii 80 na kitu. Moldi ya baridi inaigandisha nailoni ghafla kabla haijafunika nyuzi, na uso unatoka na mvi, kijivu kijivu chenye miba midogo inayowasha mkono.

Hapo pa kuwasha sitapapita haraka sana, kwa sababu nimeona watu wanapiga msasa vitu hivi wakiwa vifua wazi. Vumbi la nyuzi za kioo linaingia kwenye ngozi, macho na koo. Glavu, miwani, barakoa ya vumbi, na kumwagia maji pale unapokata. Nguo ya kazi haichanganywi na nguo za watoto kwenye beseni.

Kuhusu kusaga mabaki na kuyarudisha kwenye hopa, pale punje zinapomiminwa: inawezekana, na sisi tunafanya kwa vitu visivyobeba mzigo. Lakini kila yakipita kwenye kinu na kwenye skrubu inayosukuma plastiki ndani ya silinda ya mashine, nyuzi zinakatika zaidi, na uzi mfupi haubebi. Kwa breketi ya taa hatuchanganyi kabisa. Mabaki hayo pia hunyonya unyevu upesi, kwa hiyo yanakaushwa upya kama punje mpya. Kioo kinasugua pia skrubu na silinda. Za chuma cha kawaida zinalika mapema, ni vizuri kujua hilo kabla ya kununua mashine ya mtumba.

Kuna siku umeme unakatika katikati ya kazi. Nailoni ina tabia ya kuganda ghafla, si kama polithini inayolainika taratibu. Umeme ukirudi usiizungushe skrubu mpaka silinda yote ipate joto hadi kiini chake, la sivyo unavunja skrubu, na spea yake haipatikani Kigoma. Ukirudi umechelewa, plastiki iliyokaa kwenye joto imeharibika. Itoe yote nje. Tunapojua siku ina mgao, tunamaliza zamu kwa kusukuma polithini nzito kwenye silinda, inasafisha na haina ubishi asubuhi.

Nirudi kwenye maji, maana hayaishii kwenye mashine. Breketi ikitoka kwenye moldi ni kavu kabisa, ngumu, na kwa namna fulani ni kali: ukiiangusha vibaya kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Ikianza kunywa unyevu wa hewa inalegea kidogo na kuwa na uvumilivu zaidi wa kupigwa. Nailoni 6 yenye asilimia 30 ya kioo, kwenye hewa ya kawaida, hutulia ikiwa na karibu asilimia 2 ya maji. Ikizama moja kwa moja inaweza kufika 6. Kuisubiri hewa ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo tunaziweka breketi kwenye pipa la maji ya moto, tunapima uzito mpaka ziongezeke kiasi tunachotaka, kisha tunazianika kivulini. Mtu wa kwanza kuona pipa lile aliniuliza kama tunazipika. Niliona ugumu wa kumweleza kwamba jana yake tulikesha tukiyaondoa maji hayo hayo. Ila ndivyo ilivyo: kwenye plastiki iliyoyeyuka maji yanakata minyororo, kwenye iliyoganda yanaingia katikati yake na kuilainisha, na yakitoka inarudi ilivyokuwa.

Mteja wetu mmoja wa Tabora alitufundisha upande wa pili wa jambo hili. Alitaka vishikio vya namna hiyo kwa ajili ya pampu za bustani, akavichukua vikiwa vimetoka tu mashineni kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Tabora kiangazi hewa ni kavu mno, midomo inapasuka. Vishikio havikupata cha kunywa, vikabaki vikavu, na mafundi wake walipokaza bolti bila wosha, kile kisahani cha chini ya bolti, vingine vilipasuka. Vya shehena ile ile vilivyobaki Kigoma havikuwa na shida. Sasa anachopelekewa kinapita kwenye pipa kwanza, na ndani ya boksi tunaweka wosha pana na karatasi ya maelezo ya kukaza.

Mtu anayetaka kununua punje akiniuliza pa kuanzia, namwomba afanye mambo mawili. La kwanza ni kuthibitisha kilichomo. Anunue kidogo, achukue gramu 10 zilizokaushwa, azichome kwenye kopo la chuma juu ya mkaa unaopulizwa, nje, penye upepo, mpaka weusi wote uishe. Nailoni inanuka kama nywele zilizoungua, na kinachobaki ni kioo cheupe kijivu. Apime. Gramu 3 ni asilimia 30 aliyoahidiwa. Gramu moja na nusu ni habari nyingine. Kwa kitu kilichokwisha kutengenezwa atafute alama nyuma yake, >PA6-GF30< au >PA66-GF30<, ambayo viwanda huiweka kwa kufuata kanuni za ISO, shirika la kimataifa la viwango: PA6 na PA66 ni aina za nailoni, GF30 ni kioo asilimia 30. Utaiona hata kwenye vichwa vya plastiki vya rejeta za magari.

La pili ni karatasi ya vipimo kutoka kiwandani. Ina safu mbili za namba, moja ya nailoni kavu na moja ya nailoni iliyokwisha kutulia na hewa. Wauzaji hutaja ya kwanza, ile yenye 180. Ya pili, kwa nailoni 6 ya kioo asilimia 30, huwa karibu na 110, na hiyo ndiyo tunayopigia hesabu ya unene wa mkono wa breketi. Kwa zile zinazofungwa chini karibu na maji, zinazolowa kila usiku, tunashusha tena na kuuongezea mkono mbavu mbili kwa chini badala ya kuunenepesha, kwa sababu sehemu nene hupoa vibaya na kubaki na tundu katikati. Moldi ya mbavu tumeshaichonga, na wavuvi wa Katonga ndio watakaozijaribu giza lijalo.